Mwamba Uliokataa Kupasuka

Jua halijapanda juu ya milima ya Mwanza, lakini milio ya nyundo imeshaanza kusikika. Wagonga kokoto, wengi wao akina mama, huketi chini ya vivuli vya magunia yaliyofungwa kwenye miti, kila mmoja na rundo lake. Jiwe kubwa haliliki kwa nyundo peke yake. Kwanza huwashiwa moto juu yake, wa kuni au wa matairi chakavu, mpaka lishike joto na kutoa ufa. Nyundo nzito hushuka penye ufa huo. Bamba hubanduka, bamba huwa vipande, vipande huwa kokoto, na kokoto hupimwa kwa ndoo zikaenda kukaa ndani ya zege la nyumba ya mtu.

Kokoto zilizomo ndani ya ndoo hiyo zina umri wa takriban miaka bilioni 2.6. Dunia yenyewe ina miaka bilioni 4.5, kwa hiyo jiwe linalopondwa kwa ajili ya msingi wa vyumba viwili limeishi zaidi ya nusu ya maisha ya dunia. Lilipoganda hapakuwa na mti, samaki wala mdudu. Uhai wote ulikuwa wa viumbe vidogo vya majini visivyoonekana kwa macho, na hewa haikuwa na oksijeni ambayo mtu angeweza kuivuta.

Mwamba huo hauishii Mwanza. Unaanzia Dodoma, unapita Singida, Tabora, Shinyanga na Geita, unazunguka Ziwa Victoria hadi Mara, kisha unavuka mpaka kuingia magharibi mwa Kenya na kona ya kusini-mashariki ya Uganda. Mawe ya Kit-Mikayi karibu na Kisumu, Jiwe la Bismarck linalochomoza majini Mwanza, na vilima vya mawe vinavyoizunguka Dodoma ni ndugu wa ukoo mmoja. Wanajiolojia wanauita ukoo huo Kratoni ya Tanzania.

Kratoni ni kipande cha bara kilichokomaa mapema na kutulia. Bara la Afrika limeungwa kwa vipande vya namna hiyo, kama nguo iliyoshonwa viraka: kuna kiini cha Kongo, cha Kalahari, cha Afrika Magharibi, na hiki cha Tanzania. Kati ya viraka hivyo miamba imekunjwa, imeyeyuka na kukunjwa tena mara nyingi, wakati kratoni zenyewe zimebaki karibu kama zilivyokuwa. Sifa yao ni ugumu. Hata hivyo, karibu kila riziki ambayo watu wameipata kwenye mwamba huu, iwe dhahabu, almasi au maji ya kunywa, imepitia kwenye nyufa zake.

Saa iliyomo ndani ya punje

Umri wa mawe hayo haukukisiwa. Ndani ya itale, jiwe gumu lenye madoadoa ambalo wengi hulijua kwa jina la graniti, mna chembe za madini yaitwayo zirikoni, ndogo kuliko punje ya chumvi. Zirikoni inapojengeka ndani ya mwamba ulioyeyuka hukubali kuingiza urani, lakini huikataa risasi. Urani hiyo huanza kugeuka risasi polepole, kwa mwendo usiobadilika; nusu yake huhitaji karibu miaka bilioni 4.5 kugeuka. Anayepima leo risasi iliyomo na urani iliyobaki anasoma saa iliyoanza kwenda siku ile chembe ilipoganda.

Saa hizo zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya itale ya kratoni iliganda kati ya miaka bilioni 2.7 na bilioni 2.5 iliyopita. Lakini katika eneo la Dodoma kuna mchanga wa kale uliokazwa ukawa mwamba, na ndani yake zimepatikana zirikoni zenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 3. Mchanga hutokana na mawe yaliyomomonyoka. Kwa hiyo, kabla ya mawe haya tuyaonayo palikuwa na nchi nyingine kavu, nayo ilikuwa imeshazeeka na kuanza kuliwa na mvua.

Bahari ya Geita

Mtu anayesimama leo juu ya vilima vya Geita anasimama juu ya sakafu ya bahari. Kabla itale haijapanda, volkano zilikuwa zikimwaga lava chini ya maji, nayo lava ikaganda kwa mafundo ya mviringo kama mito ya kulalia iliyorundikwa. Miamba hiyo imegeuka kijani kwa sababu ya madini yaliyojengeka ndani yake, na hadi leo inaonekana kama mikanda iliyobanwa katikati ya itale: mkanda wa Usukuma, wa Nzega, wa Iramba na Sekenke, wa Kilimafedha, wa Musoma na Mara. Upande wa Kenya mikanda hiyo inapatikana Migori na Kakamega.

Juu ya lava hizo kuna mawe yenye mistari myembamba ya chuma, rangi ya kutu na rangi ya masizi zikipokezana. Leo chuma hakiwezi kubaki kimeyeyuka baharini kwa wingi, kwani oksijeni hukishika na kukigeuza kutu. Bahari ya wakati ule haikuwa na oksijeni, hivyo ilijaa chuma kilichoyeyuka, na chuma hicho kilitua sakafuni tabaka baada ya tabaka.

Kisha itale ikapanda kutoka chini ikiwa bado imeyeyuka. Ikaibana mikanda ya kijani, ikaikunja na kuipasua. Ndani ya nyufa hizo yalipita maji ya moto kutoka vilindini, yakiwa yamebeba dhahabu iliyoshikamana na salfa. Yalipokutana na mawe yenye chuma, salfa ikakimbilia chuma na dhahabu ikaachwa hapohapo. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nchi ya Geita maji ya kale yaliziba nyufa kwa dhahabu na jiwe jeupe la kwatzi, na watu wamekuwa wakiuvunja ukuta huo tangu wakati wa Wajerumani.

Sekenke, katika nchi ya Wanyiramba, ulikuwa mgodi mkubwa wa dhahabu wa koloni la Wajerumani. Mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli za Waingereza zilikuwa zimefunga pwani na fedha kutoka Ulaya hazikuweza kufika. Dhahabu ya Sekenke ikapelekwa Tabora, na huko zikapigwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zaidi ya 16,000. Septemba mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji lililotoka Kongo liliingia Tabora. Sarafu hizo sasa hutafutwa na wakusanyaji duniani kote, na wachache wao wanajua kwamba dhahabu yenyewe ilikaa ndani ya ufa kwa zaidi ya miaka bilioni 2.5.

Baada ya Sekenke ikaja Geita, iliyochimbwa kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966 na kufunguliwa upya mwaka 2000 ikiwa mgodi mkubwa wa wazi. Kakamega nayo ilishuhudia mbio za dhahabu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Pembeni ya migodi hiyo mikubwa wako wachimbaji wadogo. Wao hushuka kwenye duara, shimo jembamba lenye kuta za magogo, wakiufuata mstari wa jiwe jeupe popote unapoelekea. Mawe hupandishwa kwa kamba, husagwa kwenye karasha, kisha huchenjuliwa. Mchimbaji wa duara huenda asilijue neno kratoni, lakini anajua kwa macho na kwa mikono jambo ambalo vitabu hulieleza kwa michoro: dhahabu hukaa pale mwamba wa aina moja unapokutana na wa aina nyingine, mahali palipowahi kupasuka.

Mzizi wa kilomita mia na zaidi

Machi 1940, baada ya miaka ya kutafuta bila mafanikio, mwanajiolojia wa Kanada John Williamson alipata almasi Mwadui, Shinyanga. Alichokipata kilikuwa mdomo wa volkano ya kale wenye eneo la hekta 146, miongoni mwa midomo mikubwa kabisa ya almasi inayochimbwa duniani. Mwaka 1947 mgodi huo ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5. Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza almasi hiyo kuwa zawadi ya harusi. Ilipokatwa ikabaki karati 23.6, ikawekwa katikati ya bizimu lenye umbo la ua. Williamson alifariki dunia Januari 1958.

Kwa nini Mwadui na si Morogoro? Jibu liko chini sana ya ardhi. Almasi haijengeki ila kaboni inapobanwa kwa uzito mkubwa, kwenye kina cha kilomita 150 hivi, mahali ambapo joto halijazidi. Chini ya sehemu nyingi za dunia, kwenye kina hicho miamba ni ya moto mno na laini. Chini ya kratoni hali ni tofauti, kwani ina mzizi wa mwamba mgumu na wa baridi unaoshuka kilomita 150 hadi 200. Mwaka 1994 na 1995 watafiti wa Marekani na Tanzania waliweka vituo 20 vya kupima mitetemo ya ardhi nchini. Mitetemo hukimbia upesi ndani ya mwamba baridi na hujivuta ndani ya mwamba wa moto. Mzizi ukaonekana wazi, na pembeni yake yakaonekana maeneo ya moto yanayouzunguka.

Vipande vya mzizi huo vimefika juu. Labait, kilima kidogo cha volkano karibu na Mlima Hanang, kilitapika mawe yaliyonaswa zaidi ya kilomita 100 chini. Vipimo vyake vinaonyesha kwamba mzizi ulijengeka karibu miaka bilioni 2.8 iliyopita, yaani mzizi na shina lake ni wa rika moja.

Almasi zilikaa ndani ya mzizi huo kwa enzi na enzi mpaka zilipopata njia. Mwadui njia ilifunguka takriban miaka milioni 50 iliyopita, pale mwamba wa kuyeyuka uitwao kimbalaiti, uliojaa gesi, ulipopanda kwa kasi kupitia nyufa na kulipuka juu. Baadaye palikuwa na ziwa ndani ya mdomo huo, na tope lake lingalipo. Mwadui ni pana namna ile kwa sababu nchi ya Shinyanga imemomonyoka kidogo tu tangu wakati huo, na sehemu ya juu ya bomba haijaliwa.

Mlipuko huo haukuwa wa mwisho wa aina yake. Magharibi mwa Tabora, katika vilima vitatu vidogo vya Igwisi, kimbalaiti ilitoka juu ya ardhi takriban miaka 12,000 iliyopita. Hakuna mahali pengine duniani panapojulikana kuwa na kimbalaiti changa kuliko hapo. Wakati huo watu walikuwa wameshaishi katika nchi hii kwa makumi ya maelfu ya miaka.

Bonde lililopita kando

Kratoni imegongwa mara nyingi. Miaka bilioni 2 iliyopita sakafu ya bahari ilizamishwa chini ya ukingo wake wa kusini-mashariki, na mawe yaliyoonja kilindi hicho yanapatikana Isimani, Iringa. Upande wa magharibi ukajengeka ukanda wa Ubende. Kisha, kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, vipande vya bara kubwa la kusini viligongana upande wa mashariki na kuinua milima mirefu kuanzia Msumbiji hadi Bahari ya Shamu. Mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes ndiye aliyeutambua na kuuita Ukanda wa Msumbiji mwaka 1951. Milima hiyo imeshaliwa na mvua, na mizizi yake iliyobaki ndiyo yenye vito vya mashariki mwa Tanzania, ikiwemo tanzanaiti ya Mererani.

Migongano yote hiyo iliwakunja majirani. Kratoni yenyewe ilichubuka kingo.

Ndipo likaja Bonde la Ufa. Joto kubwa lililopanda kutoka vilindini liliinua nchi yote ya Afrika Mashariki na kuanza kuivuta pande mbili. Ufa uliposhuka kutoka Ethiopia na Kenya ulikutana na mzizi baridi wa kratoni na haukuweza kuukata katikati. Ufa mmoja ukapita mashariki, ukafanya maziwa ya Natroni na Manyara pamoja na volkano za kaskazini. Mwingine ukapinda magharibi kwa Ziwa Albert, Tanganyika na Rukwa. Zote mbili zilifuata njia za kale, yaani makovu ya Msumbiji na Ubende ambako mwamba ulikuwa umeshadhoofika. Ziwa Eyasi ni mahali ambapo ufa uliingia ndani ya kratoni, ukazamisha bonde, ukaishia hapo.

Tofauti hiyo inaonekana kwenye maji. Ziwa Tanganyika, lililo ndani ya ufa, lina kina cha mita 1,470. Ziwa Victoria, lililokaa juu ya mgongo wa kratoni katikati ya nyufa mbili, lina eneo kubwa kuliko ziwa lingine lolote Afrika, lakini kina chake hakizidi mita 80 na ushee. Zamani mito ya eneo hilo, kama Katonga na Kafu ya Uganda, ilitiririka kuelekea magharibi. Kingo za ufa wa magharibi zilipoinuka, mito ikazuiwa, maji yakarudi nyuma na kujaza bonde la kina kifupi. Vidole vya Ziwa Kyoga ni mabonde ya mito iliyogeuziwa mkondo hivyo. Kwa kuwa Victoria ni sinia na si mtungi, ukame wa miaka 15,000 hadi 17,000 iliyopita ulilikausha kabisa.

Kratoni haikai kimya katikati ya nyufa hizo. Vipimo vya setilaiti vinaonyesha kwamba kipande hicho, kinachoitwa bamba dogo la Victoria, kinazunguka taratibu kinyume cha mwendo wa saa, tofauti na majirani zake. Mwaka 2020 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba kinasukwasukwa na mabamba makubwa ya pembeni: sehemu imara za kingo hukifikishia mvuto wa majirani hao, na mikanda dhaifu inayokizunguka hukiruhusu kugeuka, kama gurudumu kati ya viganja viwili. Mwendo huo ni wa milimita chache kwa mwaka. Ukijilimbikiza kwenye kingo huachia ghafla, kama ilivyotokea Desemba 1910, tetemeko la ukubwa wa 7.4 lilipotikisa eneo la Rukwa.

Rukwa hiyohiyo ilileta habari nyingine mwaka 2016. Watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba kuna akiba kubwa ya gesi ya heliamu, inayotumika kupoza mashine za hospitali za kupiga picha ndani ya mwili. Urani ileile inayoendesha saa ya zirikoni hutoa heliamu inapogeuka, na kwa mamilioni ya miaka gesi hiyo ilikuwa imefungiwa ndani ya mwamba wa kale. Joto la Bonde la Ufa limeufungua, na gesi imepanda kupitia nyufa hadi kwenye matabaka yaliyo karibu na uso wa ardhi.

Luseni, itogolo, mbuga

Yeyote aliyewahi kwenda Serengeti ameona vilima vya mawe vinavyochomoza katikati ya nyika, simba wakiwa wamejilaza juu yake. Hiyo ni itale ya kratoni. Uwanda unaovizunguka ni majivu ya volkano za ukingo wa ufa, pamoja na Ol Doinyo Lengai. Majivu hayo yana chokaa nyingi, na nyasi zake ndizo wanazozifuata nyumbu wanapokuja kuzaa mwanzoni mwa mwaka. Mwamba mkongwe na volkano changa vimekutana kwenye malisho ya mnyama mmoja.

Usukumani jiwe limeandika sheria za kilimo. Kileleni kuna mawe. Chini yake kuna mchanga mwepesi uliovunjika kutoka kwenye itale, uitwao luseni, unaokubali mihogo na karanga. Chini zaidi kuna itogolo, udongo mgumu wa malisho. Bondeni kabisa kuna mbuga, udongo mweusi unaonasa maji, ambako wakulima hujenga majaluba ya mpunga. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, Usambara, aliueleza mpangilio huu wa udongo unaofuatana kutoka kilele hadi bonde katika miaka ya 1930, na neno aliloutungia linafundishwa vyuoni duniani kote. Wasukuma walikuwa wameshaipa kila ngazi jina lake.

Kisima cha Makutupora

Dodoma imekuwa makao makuu yaliyotangazwa tangu 1973, na Serikali ilipohamia huko kuanzia 2016 watu waliongezeka haraka kuliko maji. Mwamba wa itale haunywi maji kama mchanga wa pwani. Maji hukaa mahali pawili tu: kwenye tabaka la juu lililooza, na kwenye nyufa zilizo chini yake.

Makutupora, kaskazini mwa jiji, nyufa na tabaka hilo ni nzuri kiasi kwamba visima vyake vimeinywesha Dodoma kwa miongo mingi. Kina cha maji chini ya ardhi kimeandikwa humo tangu miaka ya 1950, na kumbukumbu ya miaka 55 iliyochapishwa mwaka 2013 ni miongoni mwa ndefu zaidi katika nchi za joto. Inaonyesha jambo ambalo kila mpangaji wa mji angepaswa kulibandika ukutani. Maji hayajazwi kila masika. Hushuka mwaka baada ya mwaka huku pampu zikivuta, kisha msimu mmoja wa mvua kubwa, kama ule wa El Nino wa 1997 na 1998, huyapandisha kwa mkupuo. Vizazi vya wakazi vimekunywa mvua za misimu michache.

Nje ya Makutupora kazi ni ya kubahatisha. Wapimaji huchomeka vijiti vya chuma ardhini, hupitisha umeme na kutafuta mahali unapopita kwa urahisi, kwani pale huenda pana ufa wenye maji. Visima viwili vilivyoachana hatua chache vinaweza kuwa kimoja cha maji na kingine kikavu. Mashine husimikwa, patasi yake hugonga chini, na mdomo wa shimo hutoa vumbi jeupe la itale ambalo huwafunika wachimbaji nyusi na kope. Mita thelathini, vumbi. Mita hamsini, vumbi. Watu waliokuja na ndoo hukaa pembeni wakiangalia rangi yake, mpaka linapoanza kutoka likiwa tope.